Utetezi wa Kipuri cha Kuazima

Imekuwa ada katika mji wa Nairobi, tangu maofisini hadi kwenye vibanda vya chai vya Likoni Road, kusema kwa sauti ya mtu asiyetazamia kupingwa kwamba kipande kilichotengenezwa kwa ajili ya chombo cha aina moja ni haramu kukifunga kwenye chombo cha aina nyingine, na kwamba fundi afanyaye hivyo, awe ni wa Kariobangi, wa Kamukunji au wa uchochoro wowote wa Industrial Area, ni mharibifu wa mali ya watu na muuaji asiyeshtakiwa. Itikadi hiyo imeenea kiasi cha kwamba hata fundi mwenyewe, aliyejenga nyumba na kusomesha watoto kwa kazi hiyo, huitamka mbele ya wateja na kuikana kazi ya mikono yake. Nakusudia katika makala haya kuipinga. Siipingi kwa kuwa haina chembe ya ukweli. Naipinga kwa sababu ukweli mdogo ilio nao imeuweka mahali pasipo pake, na kwa kuuweka hapo imezaa madhara makubwa kuliko yale inayodai kuyazuia.

Nitaanza na bunduki, kwa maana hicho ndicho chombo ambacho wapinzani wetu hukitaja wanapotaka kutuonyesha kwamba jambo hili halina mjadala. Huuliza: ni nani mwenye akili timamu ambaye angekubali kuliegemeza shavu lake juu ya kitako kilichochongwa kwa ajili ya bunduki nyingine, kisha akavuta kifyatulio? Swali hilo huulizwa kana kwamba jawabu lake liko wazi, na kweli liko wazi, ila silo wanalolidhania. Kitako cha bunduki ndicho kinachoubeba mtutu na mtambo wake, ndicho kinachokaa begani, na ndicho kinachoupokea msukumo wote ambao baruti huurudisha nyuma inapolipuka. Na ndani ya ubao wake hapana budi pachongwe kikao ambacho ule ukingo wa chuma ulio chini ya mtambo utaegemea barabara, pasiwe na nafasi ya kuchezacheza, kwa kuwa mtambo ukipata nafasi ya kusogea, hata iwe ndogo namna gani, risasi itapotea shabaha leo na ubao utapasuka kesho. Basi kitako cha bunduki ya aina nyingine, maadamu matundu ya skrubu zake yamelinganishwa na kikao chake kimechongwa upya hata chuma kikatulia, huifanya kazi yake kwa ukamilifu. Na kitako cha bunduki ile ile, kilichotoka kiwanda kile kile, kikiwa kimelegea katika kikao, ni hatari kwa mwenyewe. Sizungumzi hapa juu ya mtu yeyote kujichukulia silaha nyumbani na kuibadilisha: sheria ya silaha ya Kenya, Sura ya 114, imeiacha kazi hiyo mikononi mwa walioandikishwa peke yao, na ni haki iwe hivyo. Nazungumza juu ya kanuni ya kazi yenyewe, ambayo ndiyo inayobishaniwa.

Tena historia ya bunduki katika Afrika ya Mashariki ni shahidi dhidi yao. Miongoni mwa bunduki zilizoheshimiwa sana na wawindaji wa kigeni waliozizunguka nchi hizi, kabla ya Kenya kupiga marufuku uwindaji mwaka 1977, zilikuwamo zile za nyumba ya John Rigby ya London; na katika zile mashuhuri zaidi, ndani ya mti wa mjozi uliosuguliwa kwa mafuta hata ukang'aa, mlikuwa na mtambo wa Mauser uliofuliwa Oberndorf, Ujerumani. Mwaka 1911, Rigby alipoitoa risasi yake ya .416, iliyokuja kujulikana kila mahali walipo nyati na ndovu, bunduki ya kuifyatulia nayo ilijengwa juu ya mtambo wa Mauser. Yule W. D. M. Bell, Mskochi aliyewaua ndovu wa Karamoja kwa mamia, msiba ambao mimi siupambi kwa sifa, sehemu kubwa ya kazi yake aliifanya kwa bunduki nyepesi ya Rigby ya namna hiyo hiyo. Chuma cha Kijerumani, kitako na ufundi wa London: viwili vilivyotoka katika karakana mbili, nchi mbili na lugha mbili, vikaunganishwa na fundi aliyejua kupima, na hapana aliyesema kwamba bunduki hiyo imeharibiwa, bali waliiita kazi ya ustadi wakailipia fedha nyingi. Kwa hiyo nauliza, nikitaka insafu tu: jambo lile lile likifanywa London likaitwa ustadi, ni kwa hoja gani likifanywa hapa Nairobi, Lunga Lunga Road, huitwa uharibifu?

Jeshi nalo halikuwa na itikadi ya wapinzani wetu. Bunduki ya Lee-Enfield, ambayo askari wa King's African Rifles waliibeba hadi Burma, ilitengenezewa vitako vya urefu mbalimbali, vikipishana kwa nusu inchi, ili mwenye mkono mfupi na mwenye mkono mrefu kila mmoja apate kimfaacho. Maana yake ni kwamba walioiunda hawakuamini kuwa kuna kitako kimoja kilichoandikiwa bunduki moja tangu azali. Na kabla ya hapo, zile bunduki za Martini-Henry zilipopitwa na wakati hazikutupwa: katika miaka ya 1890 nyingi zilivuliwa mitutu yake, zikafungwa mitutu ya .303, zikapewa jina la Martini-Enfield, zikagawiwa majeshi ya makoloni.

Lakini shahidi mkubwa kuliko wote ni yule aliyeidhihirisha fikra yenyewe ya kipuri. Kwa karne nyingi kila bunduki ilikuwa pekee: mhunzi alikifua kila kipande na kukisugua kwa tupa mpaka kikakubaliana na vipande vya bunduki ile moja, na kikivunjika hapakuwa na kingine duniani cha kukirithi mahali pake. Mwaka 1790, fundi wa silaha wa Kifaransa aitwaye Honoré Blanc alisimama mbele ya wataalamu wa Paris, akachukua vipande vya mitambo ya bunduki kutoka katika masanduku pasipo kuvichagua, akaviunganisha, navyo vikawa mitambo kamili. Kilichoonekana siku hiyo ni kwamba kipande hakina nasaba. Hakijui kilizaliwa kwa ajili ya bunduki gani. Kinachojulikana juu yake ni kipimo chake, na kipimo kikiwa sahihi basi ni sahihi popote. Kiwanda cha kisasa, pamoja na kila kipuri kiuzwacho leo katika boksi lenye nembo na kuitwa halisi, kimesimama juu ya msingi huo. Na wale wanaotuambia kwamba thamani ya kipande imo katika ukoo wake wanakitukuza kiwanda huku wakiikana kanuni iliyokizaa.

Tuiache sasa bunduki, tuje Industrial Area. Mtu akitembea kutoka Lusaka Road mpaka Outer Ring Road, akavuka Jogoo Road kuelekea Makadara, Jericho na Buruburu, kisha akapanda hadi Kariobangi Light Industries, atakuwa amepita mbele ya mafundi wengi ambao riziki yao ni kukifanya kipande cha chombo kimoja kikae katika chombo kingine: gia boksi, mota za mashine za kushonea, vikombe vya pampu, rejeta, rimu. Nachagua rimu, na nitaieleza kwa utaratibu bila ya haraka, kwa sababu ndani yake limo shauri zima.

Mtu ana Toyota, na amepata rimu za Nissan kwa bei anayoimudu. Aghalabu rimu hizo zina matundu 5 yaliyopangwa juu ya duara la milimita 114.3, na Toyota nyingi za kiasi hicho zina duara lile lile. Kwa hiyo rimu inaingia, na asiyejua hudhani kazi imekwisha. Haijakwisha. Tundu la katikati la rimu ya Nissan lina kipenyo cha milimita 66.1, ilhali kitovu cha gurudumu la Toyota kina milimita 60.1, na tofauti hiyo ya milimita 6 maana yake ni kwamba rimu haikukaa juu ya kitovu, bali imeachiwa bolti peke yake ziiweke katikati, na gari likishika kasi kwenye Mombasa Road usukani utaanza kutetemeka mikononi mwa dereva. Fundi anayeijua kazi hupima kwa kalipa, akaenda kwenye mashine ya kukereza, akakereza pete ya alumini yenye milimita 60.1 kwa ndani na 66.1 kwa nje, akaitia katikati, na rimu ikakaa bila kutikisika. Ukiligeuza shauri, ukataka kuitia rimu ya Toyota kwenye Nissan, haiingii kamwe mpaka tundu lipanuliwe. Na hapo fundi mwaminifu huangalia kwanza unene wa chuma kitakachobaki, na akiona hakitoshi huikataa kazi na kumrudishia mteja fedha zake.

Kisha ziko nati, na hapa namsihi msomaji asipite mbio. Bolti za magurudumu za Toyota na za Nissan, kwa magari mengi ya ukubwa huo, zote zina unene wa milimita 12. Walakini meno ya Toyota yanaachana kwa milimita 1.5 na meno ya Nissan kwa milimita 1.25. Nati ya Toyota ikitiwa kwenye bolti ya Nissan huzunguka kidogo kana kwamba imekubali, kisha hukaza kabla ya wakati wake, na mwenye pupa hushika spana ndefu akaisukuma kwa nguvu ya mwili wake wote, meno yakasagika, naye akaondoka akiamini kuwa imekaza ilhali haishiki tena kitu. Hapo ndipo magurudumu yanapochomoka. Robo ya milimita ndiyo inayoua. Na robo hiyo hugunduliwa kwa geji ya meno, na hata asiye na geji huweza kuigundua kwa vidole, kwa kuwa nati iliyo yake huzunguka kwa mkono hadi mwisho.

Wapinzani wetu watasema kwamba ajali ya namna hiyo ndiyo adhabu ya kuchanganya Toyota na Nissan. Basi na tuitazame ajali iyo hiyo ndani ya Toyota tupu. Toyota nyingi zenye rimu za alumini hutumia nati yenye shingo na bapa la chuma lililolala sawa juu ya rimu, na zenye rimu za chuma cha kawaida hutumia nati yenye kichwa kilichochongoka kama pia. Na mwenye gari akivua rimu za chuma akafunga zile za alumini kwa nati zilizochongoka, ataikaza nati halisi ya Toyota juu ya rimu halisi ya Toyota katika gari halisi la Toyota, kila kimoja na nembo yake na risiti yake, na gurudumu litalegea vile vile, kwa kuwa pia haina mahali pa kukaa penye tundu lililochongwa kwa ajili ya bapa. Asili zote tatu zimekubaliana, na bado kazi ni mbovu. Mahali pengine pote hoja hii ingetosha kulifunga shauri.

Mambo haya si ya magari peke yake. Katika karakana zenye mashine za Kiingereza za kale, bolti ya nusu inchi ya kipimo alichokipendekeza Joseph Whitworth mwaka 1841 ina meno 12 katika kila inchi, na bolti ya Kimarekani ya unene uo huo ina meno 13, na pembe za meno hayo nazo hazifanani, moja ni nyuzi 55 na nyingine 60. Fundi akilisimamisha jicho lake juu ya tofauti hizo anajua zaidi juu ya vyuma kuliko mwuzaji anayesoma namba za boksi nyuma ya kioo cha duka. Na naona ni dhuluma kwamba huyu wa pili ndiye aitwaye mtaalamu.

Iko hoja ya pili, ambayo ni ya fahari zaidi kuliko ya ufundi. Husemwa kwamba kufunganisha vya watu mbalimbali ni dalili ya unyonge, ni alama ya nchi iliyobaki nyuma, na kwamba mji unaojiheshimu hununua kitu kizima kilichotoka kiwandani. Wanaosema hivyo wamesahau mji wao umetoka wapi. Nairobi ilizaliwa mwaka 1899 reli ilipofika hapa, na upana wa reli hiyo, mita 1, ulifuata ule uliokwisha kutumika India, ambako vyombo na mafundi wa upana huo walikuwako; mji huu mzima, pamoja na Muthurwa na Landi Mawe na Makongeni yaliyojengewa wafanyakazi wa reli, ulisimama juu ya kipimo kilichoazimwa kutoka bara jingine. Na lile jiko la makaa linalopika chakula katika nyumba nyingi za Eastlands usiku huu, lenye kiuno chembamba na kikapu cha udongo ndani ya bati, ni nini kama si kipande cha chombo kimoja ndani ya chombo kingine? Mwanzoni mwa miaka ya 1980 fikra ya udongo uliochomwa ilichukuliwa kutoka kwenye jiko la Thailand, ikaunganishwa na jiko la bati ambalo mafundi wa Shauri Moyo na Kamukunji walikuwa wakilifua siku zote kwa vyuma chakavu, na likatoka jiko linalotumia makaa machache kwa kiasi kikubwa kuliko lile la awali, ambalo nchi nyingine za Afrika zilikuja kujifunza kwetu. Kama mafundi wale wangalitii itikadi ninayoipinga, wangalisubiri meli ilete jiko la Thailand likiwa zima.

Matatu nazo ni hivyo hivyo. Mabasi madogo mengi yanayoubeba mji huu kila alfajiri huanza maisha yake kama lori: Isuzu huunganishwa katika kiwanda kilicho hapa hapa Industrial Area, hutoka na kichwa na fremu na magurudumu, na mafundi wa bodi ndio wanaolijenga basi juu ya fremu ya lori, wakafunga viti, madirisha na milango. Serikali haikuikataza kazi hiyo. Iliiwekea kipimo, kanuni ya KS 372 inayoeleza jinsi bodi ya gari la abiria itakavyojengwa, ikataka ifuatwe. Na mwaka 2003 Waziri John Michuki alipotoa amri zake, zilizoanza kushurutishwa Februari 2004, kwamba kila matatu ifungwe kidhibiti mwendo kisichoruhusu zaidi ya kilomita 80 kwa saa na kila kiti kiwe na mkanda, serikali yenyewe iliamuru kitu kigeni kifungwe katika maelfu ya magari ya kila aina ambayo viwanda vyake havikuyapangia kitu hicho. Na watu wengi, nami nikiwamo, waliishukuru amri hiyo kwa maisha iliyoyaokoa. Haiwezekani kuishukuru Februari ile na papo hapo kulaani kila fundi anayefunga kipande ambacho kiwanda hakikukipanga.

Hoja ya tatu ina uzito zaidi, na wanaoitoa huitoa kwa uchungu wa kweli. Wasema kwamba mafundi wetu, kwa kuzoea kuazima, hawatajifunza kamwe kutengeneza. Kwamba nchi itakayobaki ikifunganisha vya wengine haitakuwa na chake. Nawaheshimu kwa uchungu huo. Lakini jaribio lao lilifanywa. Mwaka 1986 Rais Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari la Kenya, na mwaka 1990 gari hilo, Nyayo Pioneer, lilionyeshwa kwa shangwe. Walioliunda walikuwa watu hodari, na karakana za reli ziliwasaidia, na bado mradi haukupita magari machache ya majaribio, kwa kuwa kutengeneza kila kipande peke yako tangu mwanzo kunahitaji mtaji ambao hapakuwa nao. Kilichodumu ni ile karakana ya mashine iliyozaliwa na mradi huo, Numerical Machining Complex, iliyo katika eneo la karakana za reli, nayo hukereza vipande. Na tazama upande mwingine: kampuni ya Opibus, ambayo sasa huitwa Roam, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 2017, ilianza kwa kuzitoa injini za Land Cruiser na Land Rover za utalii na kufunga mota za umeme mahali pake, na kwa kuyajua magari ya wengine kutoka ndani ikafika hatua ya kuunda pikipiki na mabasi yake. Kufunganisha kulikuwa ndiyo njia yenyewe ya kwenda kwenye kutengeneza, kwa kuwa hapana anayekijua kipande kama yule aliyelazimika kukipima ili akikubalishe na kingine.

Yafaa pia nitenge jambo moja ambalo watu hulichanganya na hili, pengine kwa makusudi. Kipuri cha kughushi ni kile kilichotiwa nembo isiyo yake ili mnunuzi adanganyike. Sheria ya Kupambana na Bidhaa Bandia ya mwaka 2008 ilitungwa kwa ajili yake, nami naiunga mkono kwa moyo wote. Kipuri cha kuazima hakidanganyi mtu. Rimu ya Nissan juu ya Toyota imeandikwa Nissan, na kila apitaye anaiona. Kuwaweka pamoja mghushi na mfunganishaji, kuwakamata katika msako mmoja na kuwaandika katika habari moja ya gazeti, ni kumwadhibu mkweli kwa kosa la mwongo.

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Hatari ipo katika kazi hii, sikanushi, na watu wamekufa. Lakini nani anayeizidisha? Itikadi inayomwita fundi muuaji kabla hajashika spana ndiyo inayomfundisha kuificha kazi yake. Fundi anayejua kwamba kufunganisha ni aibu haandiki katika risiti kwamba amekereza pete ya milimita 66.1, huandika "matengenezo" na kunyamaza. Hamwambii mteja kwamba nati za Toyota zisitumike tena kwenye bolti zile za mbele alizozibadilisha. Humwachia fundi mwingine wa barabara nyingine, mwezi mwingine, agundue mwenyewe au asigundue. Hamfundishi kijana wake kwa sauti, humfundisha kwa ishara, na kijana hujifunza mwendo wa mkono asijue sababu ya kipimo. Na mwenye gari, kwa kuwa ameambiwa kwamba bima haitalipa ikijulikana, naye huficha; akiuza gari huliuza na siri yake ndani. Hivyo kazi ambayo ingeweza kupimwa na kukaguliwa na kusahihishwa hufanywa gizani, na kila gurudumu linalochomoka huongezwa kwenye ushahidi wa wale walioizima taa.

Watu hawa hawakustahili hayo. Tangu ripoti ya ujumbe wa Shirika la Kazi la Kimataifa ya mwaka 1972, iliyoitazama Kenya na kusema wazi kwamba kazi hizi ndogo zina tija na kwamba zinasumbuliwa na wakuu badala ya kusaidiwa, na tangu Rais Moi azuru Kamukunji mwaka 1985 na mabanda yakaanza kujengwa, taifa limekwisha kukiri mara nyingi kwa mdomo kwamba mafundi hawa, waitwao wa jua kali, ni nguzo yake. Kukiri kwa mdomo hakumpi mtu geji wala hakumpi mahali pa kuweka sahihi yake.

Wenye biashara ya silaha walilipata jawabu zamani, na kwa sababu hiyo pia nilianza nao. Uingereza haikukataza bunduki kubadilishwa mtutu. Iliweka nyumba za majaribio, moja London na nyingine Birmingham, ile ya Birmingham ikianzishwa kwa sheria ya mwaka 1813, na bunduki iliyofungwa mtutu mwingine hurudishwa huko, ikafyatuliwa kwa baruti ya nguvu kupita kiasi itakayotumika maishani mwake, na ikistahimili hupigwa muhuri ambao kila mnunuzi ajaye atausoma. Hawakuuliza mtutu umetoka wapi. Waliuliza kama umestahimili, wakaandika.

Sisi tunavyo vyombo vya kufanya hivyo, na vyote vimo ndani ya Industrial Area yenyewe, si mbali na vibanda vya mafundi. Kituo cha ukaguzi wa magari kiko Likoni Road, na tayari mwenye gari aliyebadilisha injini hupelekwa kukaguliwa ili namba mpya iandikwe katika kumbukumbu za gari. Sheria, kwa hiyo, imekwisha kukubali kwamba moyo mzima wa gari waweza kuwa wa kuazima, na kilichobaki ni kuzifungulia mlango huo rimu, gia boksi na kamba ya breki. Mamlaka ya mafunzo ya viwandani, NITA, iliyo Commercial Street, huwatahini mafundi kwa madaraja matatu. Nataka ustadi wa kufunganisha utahiniwe huko waziwazi kama fani inayosimama kwa miguu yake, kwa kalipa, kwa geji ya meno na kwa spana ya kipimo inayokaza nati za gari dogo la Toyota kwa niutoni-mita 103, badala ya kwa uzito wa mwili wa mtu. KIRDI, taasisi ya utafiti wa viwanda, wako Dunga Road, nao waweza kulipima jambo lolote ambalo fundi mmoja hana uwezo wa kulipima. Na watu wa bima, badala ya kukataa moja kwa moja, waulize karatasi.

Karatasi yenyewe haihitaji kuwa ndefu. Jina la fundi na daraja lake, kipande kilichoondolewa na kilichofungwa, kipenyo, idadi ya meno na umbali wake, nguvu iliyotumika kukaza, tarehe ya kurudi kukagua baada ya kilomita za mwanzo. Nakala moja abaki nayo fundi, moja apewe mwenye gari, moja ikae Likoni Road. Nitaambiwa kwamba mafundi hawatakubali kuandika. Wako watakaokataa, na hao sitawatetea hata kidogo. Mteja na achukue rimu zake avuke barabara, kwa kuwa yuko mwingine ng'ambo ya pili mwenye mashine ya kukereza, mwenye mkono mtulivu, aliyengoja miaka mingi mtu amwombe atie sahihi chini ya kazi yake.